Miwa ya Madamu

Sijawahi kumwona mtu mwingine akikata muwa kwa rula. Pale mtaani kwetu Bwiza muwa hukatwa kwa jicho na kwa hamu, na anayekata ndiye anayebaki na kipande kikubwa. Madamu aliulaza muwa wake juu ya benchi, akaweka rula ya mbao kando yake, akatia alama kwa chaki, akakata. Kisha alitutazama sote tuliokaa kwenye mikeka uani kwake, akasema maneno yake ya kila Jumamosi: "Hakuna mutu wa kukula grafiki mbele haijasomwa."

Alifundisha jeografia kwenye lise, yaani sekondari, moja isiyo mbali na kwetu, na kwa kuwa kwetu mwalimu mwanamke huitwa Madamu, mtaa mzima ulimwita hivyo, hata muuza mkaa aliyemzidi umri. Padri wa parokia yake alimwita Madamu. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kutembelea nyumba za watu, alimwita Madamu na kumpelekea pilau ya Idi kwenye bakuli lenye mfuniko, na bakuli halikurudi hata siku moja likiwa tupu. Alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa nani, hayo usiniulize. Huyu bingwa wa kuwauliza watu wametoka wapi hakuwahi kutuambia yeye ametoka wapi. Ukimbana alisema, "Mi niko wa hapa, kwa hii kona," akakuonyesha kona.

Kilichomfanya aanze kununua miwa ni mchoro mmoja wa kitabuni, uliowatoa watu jasho kila mwaka kwenye mtihani. Ulikuwa hivi: familia, au menaji kama tunavyosema, zimepangwa makundi matano kwa matumizi yao, kuanzia zinazotumia kidogo kabisa hadi zile zisizouliza bei ya nyama. Juu ya kila kundi zimesimama batoni mbili, ndivyo tunavyoziita sisi zile nguzo za kwenye grafu. Batoni moja ni ya watu waliohama kutoka vijijini, nyingine ya waliohama kutoka mji mwingine. Basi. Mtu mwenye kitabu angeelewa. Sisi tulikuwa na fotokopi ya fotokopi, na humo batoni zote zilikuwa na rangi moja ya majivu, kijiji na mji havitofautiani.

Ndipo Madamu alipopata wazo lake. Muwa wenye ganda ukawa kijiji, au musozi kama tunavyosema. Muwa uliomenywa ukawa mji. Aliisimamisha ndani ya makopo ya nyanya yaliyojaa mchanga, miwili miwili, makopo matano kwa mstari, na hapo ukutani mwa jiko lake ukauona mchoro wa kitabu umesimama, unanukia, na nzi wanautembelea. Nilikuwa mvivu wa namba tangu utoto. Siku ile nilisogea mbele mwenyewe.

"We Zena," akaniambia, "hii ya mwisho kabisa, ya ganda, inasema nini?"

"Inasema batu ya ku musozi iko mingi kwa matajiri, Madamu."

"Apana! Mingi umeiona wapi? Anza na miguu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa amri yake kuu. Batoni husomwa kuanzia miguuni, pale chini panapoandikwa ni ya nani na ni sehemu ya nini, ndipo unapanda juu. "Kichwa ya batoni iko na kiburi," alisema. "Inakuonyesha urefu tu, inakuficha mengine." Kisha akaniuliza kwetu wanaovaa miwani ni wangapi. Nyumbani tulikuwa wachache, karibu wote na miwani, baba, mama na shangazi. Kwa jirani yetu muuza mkaa walijaa mpaka mlangoni na waliovaa walikuwa wanne tu. "Batoni ya nani ndefu?" Ya kwetu, tukasema. "Na nani yuko na miwani mingi?" Muuza mkaa. "Voilà. Urefu ni kipande, si wingi." Tangu siku ile sijadanganywa na grafu, ingawa nimedanganywa na mengine mengi.

Aliyesoma vizuri ndiye aliyekula. Batoni uliyoisoma ilikuwa yako. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kundi la kwanza, lenye vipande vya kidole, na wote tuligombea kundi la mwisho, hasa ule muwa mrefu wenye ganda. Madamu naye aliupenda kuliko yote. Aliushika katikati, sauti yake ikashuka, akasema, "Muone hawa. Batu walitoka ku musozi na mukeka moja, bakapambana, na leo bako kwa menaji yenye kutumia kushinda zote. Inawezekanaka." Alisema hivyo kila mara, na kila mara tuliketi sawasawa. Wengi wetu nyumbani tuliishi kwenye kile kipande cha kidole. Niliutafuna muwa ule mara nyingi nikiwaza jinsi nitakavyotajirika.

Alikuwa na mambo yake. Alisoma watu kama alivyosoma batoni, kuanzia miguuni. Hukumaliza kumsalimu kabla hajakuangalia viatu na kukuambia umepita wapi, maana matope ya kila mtaa aliyajua. Mdanganyifu aliyesema alikuwa maktaba wakati alikuwa mpirani alirudishwa kwa sababu ya vumbi la soksi. Alidai tufike kwa wakati, na yeye alichelewa misa kila Jumapili, hata kanisa zima likajua kwamba mlango ukilia wakati wa somo la pili ni Madamu. Alipima muwa kwa rula, lakini chumvi aliitupa sufuriani akiwa anaangalia pengine. Alipenda kuimba akisahihisha mitihani, na ukisikia wimbo umekatika ghafla ulijua mtu amepata sifuri.

Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa hiki. Mwanamke huyu aliyefundisha kuhama mchana na jioni, aliyejua nani anaondoka wapi na kwa nini, hakuwa tayari kuhama hata kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma. Nyumba yake ilivuja. Ua wake ulijaa tope kila masika. Binti yake wa pekee, aliyesoma mpaka akapata kazi serikalini na kujenga na mumewe Kinanira, mtaa wa wenye nazo kule mlimani juu ya ziwa, alikuja kila mwezi na gari kumbembeleza. Madamu alimpa chai, akamsikiliza, akamrudisha na chapati.

"Kule juu mutu akikufa," alituambia gari likishaondoka, "jirani anajua juu ya kuona magari yenye kupaki."

Tulicheka. Lakini tulijua anachoogopa, na hakikuwa mlima. Ili nikieleze lazima nikupeleke kwanza Buterere.

Alitupeleka huko mwaka ule wa mtihani wetu, kwenye bonde la kaskazini mpunga unapoanza, ili tujifunze kuuliza yale maswali yanayokuja kuwa mchoro. Tulibeba miwa begani na makopo ndani ya kikapu, tukausimamisha mchoro kiwanjani. Tukagawanyika wawili wawili, tukapita nyumba kwa nyumba: mumetoka wapi, na kwa menaji muko bangapi? Menaji, yaani kaya, tulikuwa tumefundishwa kwamba ni watu wanaokula kwenye sufuria moja. Rahisi kabisa. Mimi na mwenzangu Désiré tulikwama nyumba ya kwanza.

Palikuwa na bibi mwenye mjukuu wa kike. Mchana mjukuu hula kwa shangazi yake ng'ambo ya mfereji, jioni hula kwa bibi. Bibi akasema huyu tumwandike kwake. Shangazi akatoka na mwiko mkononi akasema apana, huyu ni wake. Mjukuu mwenyewe akasema ni wa kote kuwili, na uso wake ukatuomba tuondoke haraka tusije tukaharibu mpango mzuri. Tukamwita Madamu. Akaja akiruka madimbwi, sketi kashika kwa mkono, akasikiliza pande zote kama hakimu, kisha akauliza swali moja tu.

"Akichelewa, nani anamubakishiaka chakula?"

Shangazi akacheka, akarudi jikoni na mwiko wake.

"Basi andika kwa bibi," akasema Madamu. "Kukula pamoja, hata kwenye ndoa tunakulaka pamoja na batu hatujue. Menaji ni sufuria yenye kukungojea."

Tuliporudi kwenye kile kiwanja tulichosimamisha mchoro wetu, watoto wa Buterere walikuwa wameshaula. Walianzia upande mrefu, bila shaka. Kundi la kwanza peke yake lilikuwa bado limesimama kwenye kopo lake. Désiré akataka kufoka. Madamu alishika kiuno, akacheka mpaka watoto waliojificha nyuma ya nyumba wakatoka kuona kuna nini. "Matajiri bamekwisha," alisema. "Mapinduzi ya Buterere!" Akawagawia na ile iliyobaki.

Sasa ukichukua kipimo kile cha Buterere na kukipeleka uani kwake Bwiza, kaya ya Madamu haikuwa na mwisho. Mumewe alifariki kabla sijamjua, binti alishaolewa, na bado Jumamosi sufuria yake ya maharage na ndizi ilikuwa kubwa mno kwa jiko la mjane. Aliyechelewa alikuta sahani yake imefunikwa na sahani nyingine, imewekwa kando ya mbabula, lile jiko letu, ambapo mkaa bado una joto. Hukuambiwa karibu. Ulionyeshwa sahani kwa kidevu. Nilishafaulu, nikaolewa, nikafungua duka langu la vitenge, na bado nikipita Jumamosi jioni nilikuta sahani. Hata dukani nina mchoro wake: napanga marobota ya vitenge yakisimama, na linalofupika haraka ndilo ninaloagiza. Wateja wanadhani ni urembo.

Kwa hiyo masika ile alipoteleza uani na goti likagoma, na binti akaja safari hii bila kubembeleza, akaja na gari la mizigo, sote tulielewa kwamba sasa anahama. Tulimsaidia kufunga vitu. Alikaa kwenye benchi la miwa, mguu umenyooshwa, akitoa amri juu ya sahani ipi ifungwe na gazeti gani. Alijaribu mzaha. "Nimefundisha kuhama maisha yangu yote," akasema, "leo nimekuwa batoni. Na ile ya kumenywa, muji kwa muji." Lakini nilipoinama kuchukua kikapu alinishika mkono.

"Zena. Kule juu nani atanibakishia?"

Binti yake ni mtu mwema, ampendaye mama yake kwa moyo wote, lakini anatoka asubuhi na kurudi jioni sana, na mumewe vivyo hivyo. Nilimwambia nitakuja. Nililia nikirudi nyumbani, sioni haya kusema, nililia barabarani mbele ya wauza viatu.

Nilimpigia kila wiki. Simu zake zikafupika.

"Uko aje, Madamu?"

"Niko. Naangalia ziwa."

"Na batu?"

"Ziwa tu."

Mimi niliyemjua akiongea mpaka chai ipoe mara mbili, niliogopa sana. Nilijilaumu na duka langu, nikawalaumu majirani zake nisiowajua. Halafu wiki moja nikapiga, ikaita na kuita, na alipopokea nyuma yake palikuwa na kelele za sahani na mtu akicheka. "Siko na wakati," akasema. "Kuja samedi saa sita. Na ukuje na miwa. Mirefu!" Akakata.

Jumamosi ile, kama kawaida ya Jumamosi, mama wa bibi harusi mmoja aliingia dukani kuchagua kitenge na akachagua mpaka kichwa kikaniuma. Nilifika Kinanira kumeshapita adhuhuri kitambo, nimeshuka basi chini na kupanda kilima kwa miguu, fungu la miwa kichwani, jasho mgongoni. Kwenye geti kubwa la chuma zamu, yaani mlinzi wa nyumba, alifungua kabla sijabisha.

"We ndio Zena?" akasema. "Umechelewa." Sauti ile ile ya Bwiza. Nikajua anafundishwa.

Nyuma ya nyumba, chini ya kamba za nguo, nilimkuta Madamu kwenye benchi lake lile lile, rula mapajani. Kwenye mkeka walikaa mpishi wa nyumba, dada anayefua, na walinzi wawili wa nyumba za jirani ambao sijui waliziachia nani. Makopo ya nyanya yalikuwa tayari na mchanga. Alitazama viatu vyangu, akasema, "Umepitia njia ya mfereji," ndipo akanikumbatia. Alikuwa amenenepa! Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Akanieleza huku akikata miwa, na mpishi akimsahihisha kila alipoongeza chumvi.

Walikuja vijana wa takwimu, siku mbaya kuliko zote, siku ya ziwa tu. Wakaketi sebuleni wakamuuliza binti yake: hapa mnaishi wangapi? Binti akahesabu mumewe, watoto na mama. Kijana akauliza, na wanaolala hapa uani? Akaandika zamu. Akaandika mpishi na dada wa kufua. Wametoka wapi? Vijijini wote watatu, kila mmoja na kwao. Kisha akauliza matumizi: umeme, petroli, shule za watoto, nyama. Madamu alikuwa pembeni na kikombe chake. Akaona kalamu inakwenda, akaona kundi gani nyumba hii inaingia, na papo hapo akauona muwa.

"Zena, ile ya ganda! Ya mwisho!" Alinipiga goti kwa rula. "Miaka yote nawaambia hawa ni batu walipambana bakatajirika. Basi bengine walitajirika kweli, sikatae. Lakini mule ndani mwa batoni kuko zamu! Kuko na mupishi! Banalala kwa menaji ya tajiri, wanahesabiwa kwa menaji ya tajiri. Mi nilisoma miguu vibaya, mi mwenyewe!"

Alicheka pale sebuleni, alisema, hata kijana wa takwimu akauliza kama mama ni mzima. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu aligeuka dirishani akamwona zamu uani, amechuchumaa mbele ya kijisufuria chake. Ndiyo desturi ya nyumba za kule: wenyewe wanakula yao mezani, wafanyakazi wanapewa maharage na unga wajipikie nyuma. Karatasi ilisema kaya moja. Mbabula zilikuwa mbili.

"Nikasema, hii karatasi haiko kweli. Sasa mi nifanye nini, nimufuate kijana afute?" Akatikisa kichwa. "Nikaona ni vyepesi kubadilisha nyumba."

Haikuwa vyepesi. Binti alisema, "Mama, hapa si Bwiza." Mama akajibu kwamba hilo ameliona. Na waliogoma zaidi walikuwa wafanyakazi wenyewe. Zamu alisema wazi kwamba chakula cha mezani hakina pilipili wala mawese, ni chakula cha mgonjwa, na wao hawakihamii. Basi, Madamu akasema, tuhame sisi. Sufuria yao ikakua, ikaingia ndizi, ikaingia ndagala, ndio dagaa, na ya mezani ikapumzishwa Jumamosi kwa Jumamosi, kisha na siku za kati.

"Na binti yako?"

"Jioni moja alirudi kachoka, akakuta sahani imefunikwa. Akakula akisimama. Akalia juu ya pilipili." Alinikonyeza. "Kesho yake akaniuliza, Mama, ile maharage ilibaki?"

Mpishi akathibitisha kwamba hapo hakuongeza chumvi.

Tukaisoma batoni. Zamu ndiye aliyepewa ile ndefu yenye ganda, akaianza miguuni bila kuambiwa, na alipofika kichwani akasema, "Hapa ndani mi niko," na walinzi wa jirani wakampigia makofi. Kisha akaula muwa wake, na sisi sote tukala yetu, na uani pakajaa maganda. Madamu hakuwa akiangalia ziwa. Nilitazama mara moja, na lilikuwa zuri kweli.

Ndipo nikakumbuka njaa yangu. Sikuomba chakula, maana saa sita niliyoitiwa ilikuwa imepita zamani, na mtu aliyechelewa hana mdomo. Madamu alikuwa akifuta rula yake kwa kanga. Alinyanyua kidevu kuelekea mbabula. Kando ya mkaa palikuwa na sahani mbili, kila moja imefunikwa na sahani nyingine.

"Ya kulia ni ya binti yangu," akasema. "Yuko njiani."

Nilikaa kwenye benchi la miwa, nikafunua ya kushoto, na bado ilikuwa ya moto.